Maneno Yenye Msalaba

Watu wanaokuja kunipa pole huniuliza mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, nami huwajibu kwamba alikuwa mkulima wa mahindi. Ni kweli. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alikuwa mwalimu, na aliupenda ualimu kuliko alivyowahi kuyapenda mahindi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kwa maneno niliyo nayo.

Tulihamia Lugari wakati mashamba ya wazungu yalipogawiwa watu. Sehemu yetu ilikuwa upande wa Mautuma, na stoo ya ngano ya mzungu aliyeondoka ndiyo iliyofanywa shule. Mume wangu alikuwa amefika darasa la nane. Hilo lilitosha kumpa chaki, lakini hakuwa na cheti. Walimu wa aina yake waliambiwa kwamba mkaguzi atapita, awasikilize wakifundisha, na wale atakaowapendekeza watapelekwa chuo cha ualimu. Wengine watafundisha mpaka mwenye cheti apatikane, kisha warudi kwao. Nyumbani kwetu kila jambo lilingoja siku hiyo. Hata paa tuliliacha la nyasi, tukisema tutaona baada ya mkaguzi.

Siku ya kusafisha ile stoo, nyuma ya magunia ya zamani, alikuta kamusi ya Kiingereza nene kama matofali mawili. Kurasa za mwanzo hazikuwepo. Nadhani wapishi walikuwa wamewashia moto. Ilikuwa kamusi ya kueleza kila neno limetoka wapi na watu waliliandika miaka gani. Jioni, tukimaliza kula obusuma, ugali wetu, aliifungua mezani akafuata mistari kwa kidole, na mimi nikipukuchua mahindi kando.

Neno la kwanza lililomshika lilikuwa mundify.

“Mama watoto, sikiliza hili,” alisema. “Ni kutakasa. Lilianzia kwa Warumi. Waganga wa kale wa Uingereza walilitumia kwa kidonda, kutoa usaha kabla hawajakifunga. Na tazama, limewekewa msalaba.”

Nilitazama. Kando ya neno kulikuwa na msalaba mdogo mweusi.

Akaendelea kutafuta. Alipata depure, kusafisha kitu kama dhahabu mpaka taka zote zitoke. Msalaba. Alipata expolish, kusugua kitu mpaka king’ae. Msalaba. Alipata meracious, neno la divai ambayo haijachanganywa na maji. Hilo nalo lilikuwa na msalaba. Aliniambia maneno hayo yalitoka Rumi, mengine yakapitia kwa Wafaransa, ndipo yakafika kwa Waingereza.

“Yametembea kuliko sisi,” nilimwambia.

“Na sisi tulikuwa na lori.”

Sisi ni watu wa kanisa. Msalaba tuliujua juu ya mlango wa kanisa, kwenye jalada la Biblia na kwenye vazi la mchungaji, na popote ulipokuwa, kitu hicho kilikuwa kimetengwa kwa ajili ya Mungu. Kwa hiyo mume wangu alipoona maneno ya usafi yakifuatana na misalaba yake, hakuwa na shaka. Alisema ni maneno yaliyobarikiwa, ambayo wazungu waliyaweka kwa sala. Aliona pia kwamba mifano ya maandishi chini ya kila neno ilikoma zamani sana, karne nzima au zaidi kabla wamisionari hawajafika kwetu. Hilo nalo alilipatia jibu. Alisema tangu wakati huo waliyafungia kanisani, hawakuyatoa nje kuchezewa. Mimi nilimwamini, kwa sababu ningewaza vivyo hivyo.

Jioni moja tu aliguna. Alikuwa amekuta neno la mwizi, na msalaba upo.

“Na huyu naye amebarikiwa?” nilimuuliza.

Alifikiri kidogo. “Hata kando ya Yesu kulikuwa na mwizi msalabani.”

Tulicheka, na jambo likaishia hapo.

Baadaye aliwatungia watoto wa shule sala ya Kiingereza ya asubuhi. Ilimwomba Bwana a-mundify mioyo yetu na a-depure ndimi zetu. Watoto waliibeba mpaka nyumbani. Mama mkwe wangu hakujua Kiingereza hata kidogo, lakini neno mandifai lilimkaa. Alilisema akisugua vibuyu vya maziwa kwa mkaa, akalisema na kanisani, katikati ya sala ya lugha yetu.

“Mama mwalimu, siku hizi unaomba Kizungu?” jirani mmoja alimtania.

“Naomba kisafi,” alimjibu. “Wewe endelea na hicho chako.”

Mkaguzi alikuja msimu wa kupalilia, na gari la serikali kutoka Kakamega. Alikuwa kijana wa kwetu, mpole, viatu vyake vimejaa tope. Alisikiliza hesabu, akasikiliza kusoma. Watoto walipotoa ile sala aliwaomba wairudie. Halafu aliomba aone kitabu yalikotoka maneno hayo, akakifunua polepole.

Chakula cha mchana alikula kwetu. Nilikuwa nimechinja ingokho, kuku wa mgeni, na firigisi niliiweka juu ya sahani yake, maana ndiyo heshima ya mgeni. Aliichukua kwa vidole akaihamishia sahani ya mume wangu.

“Hii ni yako, mwalimu. Wewe ndiye mwenye boma.”

Kwetu mgeni mkubwa haikatai firigisi, isipokuwa anaona haya kuheshimiwa na mtu ambaye amemletea jambo zito. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Nilibaki nimesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa.

“Ule msalaba,” mkaguzi alisema, “kuna mtu alikueleza maana yake?”

“Kurasa za mwanzo hazipo.”

“Nilidhani hivyo. Kamusi kama hiyo ilikuwepo chuoni kwetu. Alama ile huwekwa kando ya neno ambalo watu hawalitumii tena. Neno lililokufa, mwalimu.”

Mume wangu alitazama sahani yake. “Yote?”

“Yote yenye alama ile.”

“Yalikufa na nini?”

Mkaguzi alitaka kucheka, kisha akaona anaulizwa kweli. “Yalikosa kazi. Kulikuwa na maneno mengine mepesi ya kusema jambo lile lile, watu wakazoea hayo. Basi yale mazito yakabaki kwenye vitabu.”

Nje, kuku waliobaki walikuwa wakiparua majivu.

“Watoto wako wanasoma vizuri,” mkaguzi alisema. “Hesabu zao ni nzuri kuliko za shule mbili nilizotoka. Lakini nikiandika kwamba unafundisha Kiingereza ambacho Mwingereza mwenyewe hakijui, Kakamega hawatakupitisha. Na nisipoandika, nitakuwa nimewadanganya.”

“Andika,” mume wangu alisema. “Andika ulivyoona.”

Aliikata firigisi vipande viwili, akarudisha kimoja kwenye sahani ya mgeni. Wakala.

Jumatatu aliwaambia watoto ukweli wote, hata kwamba kosa lilikuwa lake. Msichana mmoja aliuliza kama basi walikuwa wakisali bure. Alimjibu kwamba hajui, lakini haamini kama Mungu husikiliza akiwa ameshika kamusi. Nyumbani kazi ilikuwa ngumu zaidi. Mama mkwe alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha akauliza, “Unaniambia limekufa, na jana nimelitumia?” Hakuliacha. Wazee wenzake wawili nao hawakuliacha.

Jina la mume wangu halikutoka kati ya waliopendekezwa. Alifundisha mpaka mwisho wa mwaka, na muhula uliofuata akaja mwalimu mwenye cheti, kijana kutoka upande wa Matete. Asubuhi hiyo mume wangu alitangulia shuleni akafagia stoo. Alimwonyesha yule kijana kona inayovuja, watoto wasioona ubao vizuri ambao lazima wakae mbele, na yule ambaye ukimkaripia haongei tena siku nzima. Kisha akampa chaki.

Alirudi nyumbani jua halijapanda. Sikuwa nimezoea kumwona saa hizo, siku ya kazi. Alivua shati jeupe, akalitundika, akavaa la shambani. Akaja akasimama mbele yangu na jembe mkononi, akaniuliza tuanzie wapi, kwa sababu shamba mimi ndiye niliyelijua.

Nikamwonyesha.