Mkono wa Mfua Chuma

Watu wa Olasiti walikuwa na adabu zao, na moja ilizidi zote kwa ujinga. Mtu akienda kwa Simel kuchukua jembe alilofuliwa, alibeba kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo. Simel alinyoosha mkono kumpa jembe. Mteja kwanza alijipaka mafuta viganjani, taratibu, kidole kwa kidole, mbele ya macho ya yule yule aliyelifua, ndipo akapokea. Kisa nini? Simel ni mfua chuma, mtoto wa wafua chuma, na mikono ya ukoo huo ina mkosi wa damu kwa kuwa ndiyo inayotengeneza mikuki na sime. Aliyeua kwa mkuki aliimbiwa na wasichana, aliyeufua aliogopwa kama ukoma. Haya, niambieni hapo nani ana akili timamu.

Na walimhitaji, hilo ndilo linalochefua. Siku zile za Wadachi, miaka michache kabla ya vita yao na Waingereza, Waarusha walikuwa wameshika kilimo barabara. Jembe la dukani kwa Mhindi, pale karibu na boma la serikali, lilikutana na jiwe likapinda. La Simel halikupinda. Watu walitoka mbali kama Kisongo kulifuata. Walipanda kwa jembe lake, wakapalilia kwa jembe lake, wakashiba, halafu hakuna aliyekubali kunywa hata maji nyumbani kwake. Binti yake Soila alikuwa ameshavunja ungo, na hakuna mwana wa mtu aliyethubutu kupita pale na asali ya posa.

Simel mwenyewe alikuwa mfupi, kifua kipana, mikono imejaa makovu ya cheche. Hakugombana na mtu. Alikaa nyuma ya mivukuto yake akiwatazama wanavyojipaka mafuta, na moyoni aliwadharau mmoja mmoja kwa jina. Lakini dharau haimalizi uchungu. Alitaka kuwa mtu kama watu, basi.

Habari ya misheni ilianza na mlango. Wazungu wa Injili walikuwa wamejenga kanisa kwenye mteremko juu ya mji, na mlango wake ulihitaji bawaba. Aliyetumwa kuzichukua ni Mwalimu Mikaeli. Huyu zamani aliitwa Lesikar na alichunga ng'ombe wa baba yake kama wenzake. Miaka mitatu ya shule na kanzu moja nyeupe vilimtosha kusahau kuinama. Alisema mtu mwenye elimu hashiki udongo. Shamba lake alilima mkewe, na yeye alisimama kando akimwelekeza. Kila Jumapili alizipiga vita mila za giza mpaka mate yakamtoka.

Siku hiyo alifika bila kibuyu, maana Mkristo haonekani na kibuyu cha mafuta. Alipozikuta bawaba zimewekwa juu ya fuawe la kupigia chuma, alichuma jani la mgomba, akazifunika, akaziviringisha bila kuzigusa hata kwa ukucha.

"Bado zina moto," alisema.

"Zimelala hapo siku mbili, Mwalimu," Simel alimjibu.

Mwalimu alikazana kufunga jani lake kama hakusikia.

Jumapili iliyofuata Simel alipanda kwenda kuona kama mlango unafunga vizuri. Hakwenda kwa ajili ya Mungu, tusidanganyane. Alisimama nje, akausukuma, akaurudisha, akaridhika. Ndani, Mchungaji Mdachi alikuwa akihubiri na Mikaeli akitafsiri, kwa sababu mzungu yule alikuwa mgeni, mwenye Kiswahili cha kuombea maji na Kimaa cha wenyeji kisichozidi salamu. Ndipo Simel akasikia kwamba Mwana wa Mungu, kabla hajahubiri neno hata moja, alikuwa fundi seremala mpaka umri wa miaka thelathini.

Alibaki pale mlangoni. Mungu mwenye sugu mikononi. Mungu aliyepokea kazi za watu na kupeleka kazi za watu. Alirudi Olasiti, na Jumatatu alikwenda kujiandikisha darasa la ubatizo.

Alisoma miaka miwili. Sala ya Bwana aliishika kwa nyundo: Baba yetu, pigo, uliye mbinguni, pigo, chuma kikipoa kabla ya amina, anakirudisha motoni na kuanza upya. Alifua misumari ya mabenchi ya kanisa, na kila mmoja aliunyoosha hata sehemu itakayozama ndani ya mbao. Mkewe Nanyori alimcheka.

"Baba Soila, nani atauona huo? Utazikwa kwenye mti."

"Yupo atakayeuona," Simel alisema, akachukua mwingine. Kazi ile ile iliyokuwa mkosi wake sasa ilimpa raha ambayo hakuwahi kuipata popote.

Siku moja darasani aliuliza swali. Alitaka kujua kama watu wa Nazareti, wakipokea kiti kwa yule seremala, nao walijipaka mafuta kwanza. Mchungaji alimgeukia Mikaeli amtafsirie, na Mikaeli, uso mkavu, akamwambia kuwa mzee huyu anauliza kile kiti kilikuwa cha mti gani. Mchungaji alifurahi sana akaeleza habari za mizeituni kwa muda mrefu, Mikaeli akitafsiri. Simel hakujua Kidachi, lakini alijua kwamba swali lake halikuwa la miti.

Wiki moja kabla ya ubatizo, Mikaeli alishuka Olasiti. Alikataa kigoda, akasema amesimama vizuri tu.

"Nimetumwa na wazee wa usharika," alianza. "Unajua siku ile kila mtu ataulizwa mbele ya kanisa, unaacha nini? Mmoja ataacha pombe, mwingine hirizi. Wewe utasema, naacha nyundo."

"Nyundo imemkosea nini Mungu?"

"Watu hawatakubali, mzee wangu. Tunakuonea huruma. Ukiiacha, umeshakuwa mtu kama sisi. Hata huyo binti yako ataposwa. Na anayebatizwa lazima awe na mdhamini wa kumshika mkono wakati wa maji. Hakuna aliyekubali kukushika. Ukiiacha, nitakushika mimi mwenyewe." Akainua kidevu, akingojea kushukuriwa.

Tazama mtu huyo. Kanzu aliyovaa ilinunuliwa kwa mahindi, mahindi yalilimwa kwa jembe la Simel, na jasho lilikuwa la mkewe. Na alikuja kutoa huruma.

Simel hakulala vizuri usiku ule wala uliofuata. Jina la Soila ndilo lililomshinda. Siku ya tatu alimwaga maji kwenye tanuri lake, moto ukazimika, akaweka nyundo na koleo kwenye kona na kuzifunika ngozi. Nanyori alisimama akimtazama, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo wao ndio wasafi," alisema, "na wewe umekuwa mchafu mpaka unajiosha kazi ya baba yako."

"Nataka waniguse, Mama Soila. Mara moja tu."

Nanyori alisonya akaenda zake. Mwanamke aliyetoka Kisongo na jembe lililovunjika aliambiwa fundi amefunga, akarudi nalo vilevile.

Jumapili kanisa lilijaa. Wabatizwa kumi na wanne walijipanga, kila mmoja na shuka jeupe jipya begani. Mchungaji alikuwa amekariri maneno yake ya Kiswahili, akayatoa moja moja kwa tahadhari, kama mtu anayehesabu mayai. "Unaacha nini?" Pombe. Maji. "Unaacha nini?" Hirizi. Maji. Wa tatu aliacha matusi, na mkewe nyuma huko akakohoa. Wadhamini waliwashika watu wao mikono, watu wakatoka pale wamelowa na kufurahi.

Zamu ya Simel ilifika. Mwalimu Mikaeli alisogea na kumpa mkono.

Kiganja kilikuwa kinang'aa. Simel alikitazama. Kati ya vidole mafuta yalikuwa yamekusanyika, meupe, na harufu ya kondoo ilimfika puani. Amezima moto wake, amefunika nyundo ya baba yake, amemfukuza mwanamke wa watu na jembe bovu, na bado huyu amejipaka mafuta. Basi hata angeiacha mikono yenyewe, wangejipaka mafuta kabla ya kumshika bega. Hasira ilimpanda, ikapita, ikaacha kitu kingine kilichotulia.

Alivuta shuka lake jeupe begani. Akamshika Mikaeli kwenye kifundo cha mkono, na mkono wa mfua chuma ukishika kitu, kitu hicho kimeshikwa. Akaanza kumfuta. Kiganja kwanza, kisha kidole kwa kidole, bila haraka, kama walivyozoea wao kujipaka. Mikaeli alivuta mara moja, akaona haitoki, akaacha. Kanisa zima liliona shuka likiingia madoa. Hakuna aliyeuliza ni madoa ya nini, kwa maana nyumbani kwa kila mmoja kibuyu kilikuwepo.

Mkono ulipokuwa mkavu kabisa, Simel aliukamata kiganja kwa kiganja.

"Unaacha nini?" Mchungaji aliuliza, akidhani huo nao ni utaratibu wa kienyeji, na akiupenda.

"Mimi sina cha kuacha," Simel alisema kwa Kimaa, akimtazama mdhamini wake. "Nyundo yangu naingia nayo, kesho nawasha moto. Wewe, Mwalimu, unaacha nini?"

Mchungaji aliyainua maji, akasubiri neno, maana katika kitabu chake lilipaswa kuwapo neno.

Mikaeli aliangalia upande wa wazee, na wazee wakaangalia sakafu. Aliangalia mkono wake ndani ya ule wenye makovu. Wake ulikuwa haujafa kwa mkosi. Ulikuwa na joto tu.

"Mafuta," alisema kwa chini sana, na alisema kwa Kiswahili.

"Sauti," Mchungaji alimhimiza. "Wote wasikie."

"Naacha mafuta!" Mikaeli alilia, machozi yakimdondokea kwenye kanzu.

Mchungaji aliridhika kwamba jibu limepatikana, akamwaga maji, na maji yakaanguka juu ya mikono yote miwili.