Fundo la Bénite

Kule Mangina, mashariki mwa Kongo, kabla mambo hayajaharibika, wenye mashamba walimwita Nzanzu kila mavuno ya kahawa yalipokwisha. Kazi yake ilikuwa kukata miti iliyozeeka, ile iliyokimbilia juu na kuacha shina tupu, ili ichipue upya karibu na ardhi. Alifika na msumeno wake mdogo, akapiga goti, akakata kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke, na mwenye shamba akashika kichwa akidhani amekaribisha adui. Baada ya miezi miwili mwenye shamba yuleyule alimletea kuku. Walimwita Docteur, yaani daktari, naye hakulikataa jina hilo, maana unyenyekevu haukuwa tabia yake.

Sasa Docteur anakaa Butembo, mtaa wa Kimemi, katika chumba cha kupanga, na ana mti mmoja tu. Uko uani ndani ya nusu ya pipa. Mwaka juzi ulikuwa umefika kwenye bati la paa, mwembamba, majani yote juu, chini shina kavu kama fimbo. Yeyote anayejua kahawa angeuona na kumcheka. Binti yake Eliane, aliyemtembelea kila Jumapili baada ya misa, hakucheka.

"Papa, ule muti iko nakufa," alisema. "Utakata siku gani?"

"Mvua ikianguka muzuri."

"Hata mwaka ule ulisema vile vile."

Ilikuwa kweli, na Nzanzu alijua sababu. Shubiri moja na nusu kutoka kwenye udongo, shina lile lilikuwa na fundo, na fundo lilifungwa na mkewe, Bénite. Alikuwa ameotesha mbegu katika kopo la maziwa nyuma ya jiko. Mche ulipoanza kulala, alichana ukingo wa kitambaa chake cha kichwa, cha nailoni, rangi ya machungwa, akaufunga kwenye kijiti. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 2018. Mwezi wa nane Ebola ikatangazwa Mangina, na kabla mwezi haujaisha Bénite alikuwa amekufa. Alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni. Nzanzu na Eliane walisimama nyuma ya kamba, na hakuna aliyeruhusiwa kumshika hata mkono. Godoro lake, vitenge vyake, viatu, kitambaa chenyewe cha kichwa, vyote vikachomwa shimoni. Nzanzu hakumlaumu mtu, ndivyo ilivyobidi. Ila kile kipande kilichofunga mche nyuma ya jiko hakuna aliyekikumbuka.

Miaka miwili baadaye, mashambulizi ya watu wenye silaha yalipokaribia, watu walikimbia na masufuria na magodoro. Nzanzu alipanda pikipiki akiwa na kopo lenye mche magotini.

Kijiti kilioza, nailoni haikuoza. Shina likanenepa, fundo likakaza, gome likavimba na kulimeza nusu. Kila aliyefundishwa na Nzanzu alijua kwamba kamba ya mche hulegezwa kila mwaka, la sivyo inaunyonga mti. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshindwa. Kila aliposhika kisu aliviona vidole vya Bénite vikikaza, na kisu kikarudi mfukoni. Tena, ili matawi yatoke chini inavyotakiwa, msumeno ulipaswa kupita chini ya fundo. Hakikuwepo kitu kingine duniani ambacho mkono wa Bénite ulikuwa umekifunga.

Mwezi wa tisa majani yakaanza kugeuka njano.

"Minajua ile fundo ni ya mama," Eliane alisema. "Lakini Papa, muti nayo ni ya mama."

Kesho yake Nzanzu alipiga goti na, kwa mara ya kwanza maishani, akakata vibaya kwa makusudi. Alikata juu ya fundo. Akajidanganya kwamba machipukizi yatatoka kila mahali. Kila asubuhi alichuchumaa mbele ya pipa na miwani yake, akilichunguza gome. Wiki ya saba yakatoka matatu, mabichi, yote chini ya fundo. Juu yake hapakutokea kitu. Kipande kile cha shina, chenye fundo, kilikuwa kimekauka.

Kama ni mkulima mwingine aliyekata hivyo, Nzanzu angemtukana. Kipande kilichokufa huoza, na uozo huteremka mpaka kwenye machipukizi. Siku tisa hakula vizuri. Aliukasirikia mti, akaukasirikia ugonjwa, akajikasirikia mwenyewe, na hasira ilipoisha kikabaki kilio ambacho hakutaka majirani wakisikie.

Jumapili Eliane alimkuta ameshapiga goti.

"Shika hapa juu," alimwambia. "Isianguke chini."

Akakata chini ya fundo, safari hii kwa mshazari, kama alivyofundisha watu. Kipande cha urefu wa kiganja kikabaki mikononi mwa Eliane, rangi ya machungwa ikichungulia ndani ya gome.

"Tutaiweka wapi? Ku ukuta?"

Nzanzu aliingia ndani, akarudi na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo, na sabuni ambayo ilikuwa bado katika karatasi yake. Aliinunua Jumamosi. Akaviweka mbele ya binti yake.

"Mama akikufa, binti yake njo anamunawisha," alisema. "Wewe balikukatalia. Munawishe sasa."

Eliane aliketi chini. Aliosha polepole, akianzia juu, akipitisha kidole katika kila mkunjo wa nailoni mpaka uchafu wa miaka sita ukatoka na maji yakabadilika rangi. Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba yake alisimama karibu kabisa, bila kamba mbele yake, akishika taulo.