Mstari wa Kibodi

Spéciose Uwizeye alikuwa akipiga chapa katika ofisi moja ya kuagiza dawa, hapa Kigali, tangu kabla ya vita. Ofisi ilipofunguliwa tena Septemba 1994, yeye peke yake ndiye aliyerudi kati ya wafanyakazi wa zamani. Alikuta kompyuta iko mezani bado, imejaa vumbi la dari, na inawaka.

Haukupita muda akaletewa mwenzake. Jovia alizaliwa Uganda, wazazi wake wakimbizi, na sasa alikuwa amerudi katika nchi asiyowahi kuiona. Kinyarwanda chake kilimfanya Spéciose abinue mdomo. Kifaransa hakukijua kabisa. Spéciose naye Kiingereza hakujua. Wakabaki na Kiswahili, na hicho nacho walikitumia kugombana.

Ugomvi ulianzia kwenye herufi. Vidole vya Spéciose vilizoea mpangilio wa Kifaransa, vya Jovia wa Kiingereza: panapotoka A kwa mmoja, kwa mwingine inatoka Q. Programu ya ofisi haikuwa na mahali pa kuchagua. Lugha ya kibodi iliandikwa ndani ya faili la mipangilio, lile ambalo kompyuta hulisoma kila inapowashwa. Jovia alilifungua akaliandika upya lote, mashine ikagoma kuwaka.

Fundi Nahimana akaja kuifufua, akawaachia programu ndogo ya nyongeza kwenye disketi.

"Hii inabadilisha mstari mmoja tu, ule wa lugha ya kibodi, mingine haigusi," akawaambia. "Lakini walioiuza mashine hawalihudumii faili hili. Mkiliharibu tena, msiniite."

Basi kila aliyekaa alibadilisha mstari ule, akazima, akawasha. Akiondoka, hakumrudishia mwenzake. Asubuhi moja Spéciose aliandika jina la dawa, likatoka limejaa Q na alama zisizosomeka.

"Kwa nini hukurudisha mstari?" akauliza.

"Mashine ni ya ofisi," Jovia akajibu. "Si ya Wafaransa."

"Mimi nilikuwa hapa kabla yako."

"Ndiyo, mlikuwa hapa watu wakiuawa. Tunajua mlichokuwa mkifanya."

Spéciose alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alitoka nje bila kukiokota, akaenda kuegemea ukuta wa ua. Damascène, mlinzi wa lango, alimwona, akaingia ndani.

"Umemwambia nini?" akamuuliza Jovia. Alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Mume wake na watoto wake waliuawa Aprili. Yeye alifichwa juu ya dari ya jirani mpaka Julai. Ndicho alichokuwa akifanya hapa."

Jovia alikiinua kile kiti.

Kesho yake Spéciose aliwasha mashine, akabonyeza A, ikatoka A. Akageuka.

"Nani amebadilisha mstari?"

"Mimi," Jovia akasema. "Damascène ameniambia. Pole, dada. Sikujua."

"Hukujua, na ulisema. Ungenipa mstari huu jana, kwa kuwa mimi nafanya kazi hapa, ningeupokea. Leo unanipa kwa ajili ya watoto wangu. Watoto wangu si wa kununulia mstari."

Akafungua ile programu ya nyongeza, akaurudisha mstari kwenye Kiingereza, akazima, akawasha. Kisha akaanza kuandika kama mtoto wa shule, akitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, machozi yakimdondokea na yeye hayafuti. Jovia alinyoosha mkono kuelekea kwenye kibodi.

"Usiguse," Spéciose akamwambia.

Alijifunza. Kufikia Noeli vidole vyake havikukosea tena, na mstari haukubadilishwa na mtu. Jovia alijaribu mara nyingi kuongea naye, akamletea hata chai. Chai ilipoa mezani. Spéciose alimsalimia kila asubuhi, kwa sababu kutosalimia ni aibu, na zaidi ya salamu hakumpa kitu.