Chuma cha Ukuta wa Kushoto

Mama alipohamia kwangu Tabata, baada ya goti lake la kulia kushindwa kabisa na njia za mchanga za Kimbiji, nilimwambia kwamba nitakuwa namwogesha. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa kwa upole.

"Mtu mzima huoshwa mara moja tu, mwanangu," alisema, "na siku hiyo mwenyewe hana habari. Mie habari ninazo."

Haukupita muda akateleza bafuni, akajishikilia kwenye ndoo. Hakuumia, lakini tangu hapo alianza kukwepa kuoga, akisingizia baridi, katika jiji hili ambalo hata kuta hutoka jasho. Alikuwa mwanamke wa udi na sabuni ya kunukia. Sasa alijipangusa kwa kitambaa chumbani na kuketi mbali na wageni. Nilijua bafu lile likibaki vile lilivyo, ama atakubali kuogeshwa, ama atarudi Kimbiji akaishi peke yake. Sikuona lipi kati ya hayo angeweza kulistahimili.

Akiba niliyokuwa nayo ilikuwa na kazi yake tayari. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiziwazia marumaru nyeupe zenye ukingo wa samawati, na nilipiga hesabu kwamba fedha ile ingetosha kuziba kiungo cha bomba la bafuni kilichokuwa kikivuja, kuzitandaza marumaru zangu, na kufunga chuma cha mama kushikia. Fundi bomba alikuja, akamwamkia mama, kisha akagonga ukuta wa kulia kwa kifundo cha kidole.

"Chuma kikae hapa, dada. Ukuta huu hauna bomba ndani. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha."

"Atakayeshika ni nani," mama aliuliza kutoka ukumbini, "wewe au mie?"

"Wewe, bibi."

"Basi mbona hujaniuliza?"

Fundi alicheka, akampisha mlangoni. "Karibu ofisini, bibi."

"Ofisi yenyewe utoke kwanza. Mwanamume hamtazami mtu akioga, hata akioga kwa uongo."

Akatoka uani. Mama aliketi kwenye kigoda na nguo zake zote mwilini, akachukua kopo tupu, akaanza kuoga. Nilisimama pembeni nikiwa na chaki ya fundi. Alijimwagia maji yasiyokuwepo begani, akasugua shingo, akafumba macho kuikimbia sabuni isiyokuwepo. Sikuwahi kumwona akioga; mimi ndiye niliyekuwa naogeshwa na mikono ile, nikilia kwamba maji ni ya baridi. Alipotaka kuinuka, mwili wote uliegemea kushoto, upande wa goti zima, na mkono ukapapasa ukuta chini sana, usawa wa kiuno changu. Nikaweka alama. Mkono wake mwingine ulipoitafuta koki, nikaweka alama pale pia.

Fundi aliporudi, aliigonga alama ya chaki kwenye ukuta wa kushoto.

"Ishu ni kwamba bomba linapita humohumo. Itabidi tulihamishe, na hiyo ni hela nyingine, dada."

"Marumaru tuziache," nilisema.

"Usiache mapambo yako kwa ajili yangu," mama alisema.

"Marumaru haziogi, mama."

Chuma kilitengenezwa na mchomeleaji wa Chang'ombe kutokana na kipande cha bomba kilichobaki kwenye kazi nyingine. Koki ilishushwa. Sakafu ilisakafiwa upya, na saruji ikiwa bado mbichi, fundi akaipitishia ufagio ili iwe na mikwaruzo ya kushika unyayo.

Siku ya kwanza ya kulitumia bafu, mama alifunga komeo. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Maji, kisha kimya, kisha kigoda kikisogezwa.

"Naiona miguu yako chini ya mlango," alisema. "Unamlinda mwizi?"

"Nakusubiri tu, mama."

"Nenda kapike. Niletee kanga kavu, uitundike hapo nje. Usiingie."

Niliitundika kanga kwenye kitasa, nikaenda jikoni. Koki ikafunguliwa tena, maji yakatiririka kwa muda mrefu, na mimi, ambaye humkemea kila mtu nyumbani kwa kumaliza tangi, niliendelea kukuna nazi.