Kiu Kabla ya Ndoa

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipochumbiwa, na tangu siku ile mama akaanza kuninenepesha. Wakwe wasije wakasema nilinyimwa chakula, alisema. Asubuhi chai iliyojaa sukari na mkate mzima. Mchana bukari, ugali wetu wa mahindi, tonge la watu wawili, na jioni vilevile. Katikati nilikunywa sucré, zile soda za rangi, chupa ikikaa kando ya cherehani yangu.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilishonea nyumbani, mtaani Shituru, katika nyumba ambayo baba alipewa alipokuwa bado kiwandani, na nilikaa kitini tangu asubuhi hadi jua kutua. Zamani nilikwenda sokoni kwa miguu. Sasa shangazi alinikataza: bibi arusi hapigwi na jua. Hata kanisani nilipelekwa kwa pikipiki.

Nilinenepa, watu wakanisifu. Kisha kiu ikanishika. Nilimaliza jagi la maji nikatamani jingine, na safari zangu za chooni zikawa kichekesho kwa mdogo wangu. Halafu mwili ukaanza kuyeyuka. Gauni la ndoa nilikuwa nikilishona mwenyewe. Nililipunguza kiunoni, na baada ya wiki mbili nikalipunguza tena, mlango nikiwa nimeufunga ili mama asione.

Akaona.

"Mutoto yangu, sema kweli. Ni sida?"

Ukimwi: neno hilo lilikuwa limeshaanza kunong'onwa mtaani.

"Hapana, mama. Minye niko na kiu tu."

Hakuniamini. Alisali rozari, akaniongezea sukari kwenye chai ili nipate nguvu. Nami nikanywa, kwa sababu nilikuwa na kiu.

Jumapili tangazo la ndoa yetu liliposomwa kanisani, nilisimama pamoja na mchumba wangu, na sikumbuki nilivyoanguka. Nilizinduka kitandani, katika zahanati, daktari akiwa amekwisha kunitoboa kidole.

"Ni kisukari," alisema.

"Bugonjwa ya wazee?" mama akauliza.

"Siku hizi hata vijana, mama. Wanakaa kutwa, wanakunywa sukari."

Mama alitoka nje. Nilimsikia dirishani akilia na kujilaumu kwamba ni yeye aliyenilisha: "Minye njo nilimulisha! Minye njo nilimulisha!" Kilio kile kiliniuma kuliko sindano.

Mama mkwe alikuja mara moja tu. Aliuliza kama nitazaa. Nikamjibu alivyosema daktari, kwamba nitazaa nikijitunza. Alitikisa kichwa polepole, akaaga. Mchumba wangu akaanza kupunguza simu, kisha mjumbe wao akaja kusema ndoa isubiri. Mwaka uliofuata yule mchumba alioa msichana mwingine.

Sasa nina vidonge, na kuna wiki ambazo duka la dawa halina. Alfajiri natembea na baba kandokando ya reli. Magoti yake mabovu, kifua chake kimechoka, anakohoa njia nzima na hataki nimwambie arudi. Mama bado ananipakulia bukari kama zamani, halafu anaimega nusu na kuiondoa, anabaki akiiangalia ile nusu kama mtu aliyefiwa.

Juzi mdogo wangu, mwenye miaka kumi na sita, alishuka kwenye pikipiki akitoka shule, ana chupa ya sucré mkononi. Nilimrukia, nikaishika chupa. Tukavutana pale mlangoni.

"Yaya, dada yangu, niachie! Minye siko mugonjwa!"

"Hata minye sikukuwaka mugonjwa."

Alininyang'anya, akainywa mbele yangu hadi tone la mwisho, macho yake kwenye macho yangu. Sikujua kama nimpige au nimwangukie miguuni.