Verlyn Haugstad na Ndege ya Arizona

Verlyn Haugstad alikuwa na gesti kando ya barabara kuu, hapa Kestrup, Dakota Kaskazini, na alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya uwanja wa ndege. Cheo hicho cha pili hakikuwa na mshahara, ndiyo maana alikitangaza zaidi. Mimi nilikaa kaunta ya uwanja huo, nikikagua tiketi za kindege kidogo cha Minneapolis. Kila akipita aliigonga kaunta yangu kwa vidole, kama mtu anayepima mbao zake mwenyewe.

Iliposikika kwamba shirika fulani la ndege za bei poa linatafuta miji midogo, Verlyn aliamini kabisa kuwa sifa zetu zimewafikia. Sifa zipi, hakusema. Alituambia watalii watamiminika kuona ziwa na makumbusho ya matrekta, na gesti yake itabidi iongezwe ghorofa. Mataulo mapya alishayanunua.

Mpangaji wa safari wa shirika hilo alikuja Februari, baridi ikipasua midomo. Aliitwa Renata Colbeck, mwanamke mtulivu mwenye mkoba mmoja. Verlyn alimwandalia bendi ya shule, nyama na viazi vya kuoka katika ukumbi wa kanisa, na hotuba. Renata alikula kidogo, kisha akauliza habari za watu wetu wanaokwenda Arizona kukwepa theluji. Ni wengi? Wana nyumba huko? Huendesha gari hadi uwanja gani? Verlyn akamjibu kwa kumwonyesha picha za ziwa. Renata akauliza kama kuna shirika jingine linaloruka moja kwa moja kwenda huko; halikuwapo. Akauliza shirika lake litasamehewa ada za kutua kwa muda gani. Hapo Verlyn akawa mkarimu, maana fedha zilikuwa za kaunti.

Mwishowe uvumilivu ukamwishia Verlyn. "Dada, mbona huulizi chochote kuhusu mji wenyewe?"

"Nimeuliza, bwana. Nimeuliza watu wanautoka vipi."

"Na watakaokuja je?"

"Waje huku? Februari?" Renata akalitazama dirisha lililoganda barafu. "Mzee wangu, sisi tunabeba watu wanaokimbia. Baridi mnayo, ndege nyingine hamna. Mnanitosha."

Verlyn alicheka, akidhani ni utani. Jioni ile aliiambia kamati kwamba mgeni ameipenda sana hali yetu ya hewa. Kamati yetu inaweza kugombana usiku kucha juu ya rangi ya benchi, lakini ukiitajia ndege inalegea kama siagi juani. Ikapitisha kila kitu: miaka miwili ya kutua bure, na kaunti ifidie viti vitakavyobaki wazi.

Safari ya kwanza iliondoka Novemba, imejaa. Iliporudi siku chache baadaye, Verlyn alisimama kwenye ukumbi wa uwanja na tai yake na bango la kukaribisha wageni, bendi nyuma yake. Wakashuka watu wetu wachache waliokwenda kucheza gofu. Mgeni alikuwa mmoja tu, bwana wa makamo aliyekuja kumzika shangazi yake. Akaombwa apige picha na bango, akapiga, halafu akaenda kulala kwa binamu yake.

Ndege ile ilifanya kazi yake vizuri mno. Zamani, kila Krismasi, watoto walirudi Kestrup kuwaona wazazi wao wazee, na kwa kuwa nyumba hazikuwatosha walilala kwa Verlyn. Sasa wazazi walikuwa Arizona na kaptura, na watoto wakawafuata hukohuko. Gesti ikapooza. Verlyn alisema ni msimu tu, utapita.

Majira ya baridi ya pili mkewe, Arlys, alikwenda Arizona kumwona dada yake kwa wiki moja. Wiki ilipokwisha akapiga simu kusema atabaki mpaka theluji iyeyuke. Verlyn akamuuliza nani atawapikia wageni kifungua kinywa.

"Wageni gani, Verlyn?" akasema Arlys, bila ubaya wowote.

Miaka miwili ilipotimia kaunti ilikataa kuendelea kulipa. Safari hii Renata hakuja, alipiga simu tu, kwa adabu ileile. Ndege inahamia Wexley, mji jirani, uliotoa masharti mazuri zaidi. Kuhusu abiria wetu, alisema, hana wasiwasi nao: wameshazoea jua. Watajiendesha hadi huko. Verlyn alikasirika kwa niaba ya mji mzima. Alihubiri kinyozini, kanisani na kituo cha mafuta kwamba mtu wa Kestrup mwenye heshima zake hatakanyaga Wexley. Watu waliitikia kwa vichwa, tiketi zikiwa mifukoni.

Mimi mahubiri hayo hayakunizuia: kazi ilipopungua nilihamia kaunta ya Wexley. Alhamisi moja ya Januari foleni nzima ilikuwa majirani zangu, na katikati yao Verlyn, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameifunga gesti. Nikampimia sanduku nikamtoza, kwa kuwa bei poa ni ya kiti peke yake. Akataka kukaa dirishani. Nikamwambia nako kuna bei yake, akalipa bila kunitazama.

Kisha akaniinamia na kuniuliza, kwa sauti ya chini, huko Arizona leo kuna joto kiasi gani. Nilipomwambia, alifungua vifungo vya koti palepale.