Viraka vya Msasa wa Kaka Yangu

Kiraka kikiwekwa vizuri hudumu kuliko tyubu yenyewe. Nalisema hilo mimi, niliyeacha shule darasa la tatu na kusomesha watoto wanne kwa pampu na beseni la maji. Mpira utachakaa, utaoza kwenye mshono, utapasuka kando ya valvu, na kiraka kitabaki pale pale. Niliwahi kuona tyubu yenye viraka kumi na saba ikibeba vichwa vya mbuzi kutoka machinjioni Kiamaiko mpaka Dandora mwaka mzima. Vingi kati ya hivyo vilikuwa vyangu. Ningevitambua hata nikifumba macho, kwa kidole tu, kwa sababu mimi hukata kiraka cha mviringo. Fundi mvivu hukata cha mraba, na pembe ndizo huanza kuinuka.

Sasa nitaeleza juu ya viraka vyangu vilivyoachia. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hivi. Kaka yangu mkubwa alikuwa mchongaji. Tulitoka Ukambani pamoja, yeye akashika tezo na mimi nikashika spana. Alichonga twiga na vifaru wa kuuzia watalii, na kwa miaka mingi alimeza vumbi la mti, kwa hivyo alipoanza kukohoa sote tulisema ni vumbi. Alipotema damu nilimleta kwangu Dandora, nikampa chumba cha mabati nilichojenga kwa mikono yangu. Zahanati ikasema ni kifua kikuu. Adungwe sindano kila siku isipokuwa Jumapili, miezi miwili, kisha aendelee na vidonge. Sista, muuguzi wa pale, hakumwambia mgonjwa, aliniambia mimi. "Baba, huyu asikose hata siku moja. Akianza kukosa, ugonjwa unaizoea dawa."

Zahanati hiyo ilikuwa mbali, kuelekea Donholm. Kutembea hakuweza, na ndani ya matatu watu walimkunjia uso akikohoa, naye alikuwa mtu wa haya. Nikamwambia tutaenda kwa baiskeli. Kila asubuhi nilimkalisha kwenye keria, akanishika kiuno, tukapita kando ya jaa la takataka ambako barabara ilijaa misumari na vipande vya waya. Tairi ya nyuma ilitobolewa karibu kila wiki. Sikujali. Kutobolewa ni kazi yangu.

Wiki ya kwanza ikiisha, aliniletea furushi la msasa. Mimi kabla ya hapo nilikwaruza mpira, ili gundi ishike, kwa kipande cha bati nilichotoboa kwa msumari, kama kibao cha kukwangulia karoti. Kazi ile ya bati alikuwa ameitazama akiwa ameketi juani karibu na kibanda changu, na ilimuumiza macho, yeye mtu wa kusugua mti mpaka ung'ae kama kioo. "Sina kitu cha kukupa," aliniambia. "Chukua hii. Ni laini, imeshazoea mkono." Ilikuwa misasa yake ya kazi, ile aliyomalizia vinyago. Nikaipokea kwa mikono miwili, na bati langu nikalitupa juu ya paa.

Viraka vya msasa ule vilikuwa vizuri kutazama. Siku ya kwanza vilishika, ya pili vilishika. Kama siku ya tisa hivi, tukiwa njiani, nikasikia nyuma imelegea. Kaka akashuka, akaegemea mlingoti wa simu huku nikipiga pampu. Tulisimama mara tatu kabla ya kufika. Nilipoitoa tyubu jioni, kiraka kilikuwa kimefunguka upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyelala.

Kisha wateja wakaanza kurudi. Yule mbeba vichwa vya mbuzi aliniwekea tyubu mbele ya watu akauliza, "Fundi, hiki ni kiraka ama ni stempu ya posta?" Kijana mmoja wa mtaani akapita akisema niaje mzee, siku hizi unabandika kwa uji? Walicheka. Mimi nililaumu solusheni ya kubandikia, nikanunua ya kopo lingine. Nikalaumu jua. Nikalaumu mpira wa siku hizi. Kosa langu mwenyewe sikulifikiria, kwa sababu miaka yote nilikuwa sikosei.

Alhamisi moja nilishika kiraka cha mteja nikakivuta, kikatoka chote kama ngozi ya maziwa. Nikakinusa. Kilinuka dawa ya viatu.

Hapo nikaketi. Mchongaji akimaliza kinyago hukisugua msasa, hukipaka dawa ya viatu, hukisugua tena. Msasa wake ulikuwa umekunywa mafuta miaka mingapi. Mimi niliyekuwa nikiwafokea watu wasiguse mpira kwa kidole baada ya kukwaruzwa, eti jasho la kidole linaharibu, nilikuwa nimeupaka mafuta kwa mkono wangu mwezi mzima.

Na tyubu ya baiskeli yangu mwenyewe? Ilikuwa na viraka kumi na viwili, vyote vya mviringo, vyote vyangu. Vingine vilikuwa vya wakati wa bati na vingine vya wakati wa msasa. Kiraka kilichokwisha kuinuka unakiona. Kile kinachongoja siku yake hukioni. Ukikivuta ili kukijaribu, na kumbe kilishika vizuri, unararua mpira na tyubu imekwisha. Wakati huo tyubu mpya ya saizi hiyo haikuwa dukani. Mwenye duka aliniambia nirudi Jumatatu. Niliizungusha ndani ya beseni mara nne. Haikutoa povu hata moja, na nilijua inanidanganya.

Ijumaa ilishika. Jumamosi tukiwa nusu ya njia viliachia viwili kwa pamoja, na pampu haikusaidia kitu. Nilimkalisha kaka juu ya kiti nikaisukuma baiskeli kwa miguu, rimu ikigonga lami. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la makaa. Tulipofika, dirisha la sindano lilikuwa limefungwa, Jumamosi hufunga mapema. Nilibisha, nikabisha tena, akatoka mfagiaji akasema sista ameshaondoka. Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Wakati wa kurudi niliisukuma tena baiskeli, kaka juu ya kiti, mpaka karibu na nyumbani. Halafu akasema, "Nimebaki mifupa mitupu na bado napasua tyubu. Ni uzito wangu ama ni ule msasa haukufai?"

"Msasa unafaa," nikamwambia. "Ni barabara."

"Nilijua. Huo umemaliza vifaru wengi."

Mimi nikiona kitu kibaya husema ni kibaya. Hata mchungaji nimeshamwambia machoni. Siku hiyo sikuweza.

Jumatatu niliweka tyubu mpya, na sindano zilizobaki hakukosa hata moja. Akaanza vidonge, akapata nguvu kidogo, akachonga kijiko. Kisha damu ikarudi, na kabla ya mvua za masika tukampeleka Ukambani akiwa ndani ya sanduku. Niliporudi nilikwenda kwa sista nikamuuliza juu ya ile Jumamosi. Akasema, "Baba, siku moja? Sijui. Hakuna anayeweza kukuambia." Nilitaka aniambie ndiyo au hapana. Mimi mtu akiniletea tyubu naitia majini na jibu linatoka pale pale. Yeye hakuwa na beseni la namna hiyo.

Wateja wa mwezi ule niliwabandikia upya wote bila kuwaeleza sababu. Nilipanda juu ya paa nikachukua bati langu, lenye kutu, na mpaka leo ndilo ninalotumia. Msasa uko ndani ya kopo, siutumii na siutupi.

Tyubu ile ya zamani ninayo pia. Mara moja moja naijaza upepo na kuitia majini. Viraka vya bati havijatoa povu hata leo. Mapovu hutoka pale pale, mahali pawili palipoachia Jumamosi ile. Kuziba ni kazi ya dakika kumi. Sijaziba.